Sukari kwenye tangi: injini imekufa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina ugomvi na mtu hapa mtaani kuhusu sehemu ya kuegesha. Juzi asubuhi nimekuta kifuniko cha tangi la gari langu, Toyota IST, kimelegezwa, na punje za sukari zimebaki mdomoni. Sijaliwasha. Fundi wa hapa jirani anasema sukari imeshayeyuka, nikiwasha itaganda kwenye pistoni, hivyo injini ishushwe ifanyiwe ovaho. Nikubali? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Usikubali. Na umefanya la maana kutoliwasha.

Sukari haiyeyuki kwenye petroli. Tia kijiko kimoja kwenye chupa ya kioo yenye petroli kidogo, tikisa, iache hadi kesho (mbali na jiko, tafadhali). Utazikuta punje zimelala chini kama mchanga. Mwaka 1994 John Thornton wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilipima jambo hili kwa sukari yenye kaboni ya mionzi: katika lita kama 57 za petroli, iliyoyeyuka haikufika kijiko cha chai. Hiyo ya kugandisha pistoni itoke wapi?

Shida yako ni pampu. Imo ndani ya tangi, na wavu wake wa kuchujia unakaa chini kabisa, palepale sukari inapotua. Ukiwasha, wavu unaziba, gari linaanza kumisi, kisha linazima. Pampu nayo hupozwa na mafuta yanayopita ndani yake, ikikaukiwa inaungua.

Mimi naogopa maji zaidi. Ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini yake, na yakikutana na sukari unapata shira. Shira haizuiliwi na wavu kama punje. Inaweza kufika mpaka kwenye nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini.

Kabla hujaita fundi yeyote, piga picha na ukaripoti polisi. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai. Mwenye bima kubwa aipe kampuni yake ya bima taarifa mapema. Ya thadi pati haitakusaidia hapa.

Kisha betri ichomolewe, kiti cha nyuma kinyanyuliwe, pampu itolewe, mafuta yote yanyonywe, tangi lishushwe lisafishwe na likauke kabisa. Wavu na filta viwe vipya. Injini isiguswe.

Simama hapo wakati wananyonya. Mafuta yanayotoka chini kabisa yatiwe kwenye chupa ya kioo: ukiona tabaka mbili, kuna maji, niandikie kabla hawajafunga.