Uliza Dada: Mwanangu ana 15, kituoni wameandika 18

SWALI: Dada habari za kazi. Nina mtoto wangu wa pili ana miaka 15 ila ni mrefu ananipita hata mimi, alikamatwa na wenzie watatu kisa simu ya wizi. Kituoni wameandika ana 18. Jirani anasema nisihangaike na mambo ya umri, eti mahakama ni mahakama tu. Ni kweli? Na atafungwa? (Mama wa Mbagala)

JIBU: Pole sana mama angu. Jirani kakudanganya, tena kakudanganya pabaya. Kosa linaweza kuwa lilelile la wizi lakini mahakama sio ileile, na hiyo 18 waliyoandika ndo inayomsukuma mwanao kwa wakubwa, kwaiyo kabla hujaenda kukopa hela ya wakili katafute kwanza cheti cha kuzaliwa. Huna? Chukua ile kadi ya kliniki hata kama imeshakuwa matambara, cheti cha ubatizo, chochote cha shule chenye tarehe, na siku ya kwanza tu akisomewa shitaka mwambie hakimu huyu ni mtoto. Hakimu anatakiwa achunguze umri, hata kwa kumsikiliza daktari, sio aangalie urefu. Watoto wa siku hizi wanarefuka kama minazi jamani, urefu sio cheti.

Sasa tofauti yenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na hiyohiyo ndo iliyoanzisha Mahakama ya Watoto. Dar ipo Kisutu, kwingine Jaji Mkuu anaweza kuteua jengo la mahakama ya mwanzo litumike. Kwa wakubwa mlango uko wazi, anayetaka kusikiliza anaingia anakaa. Kwa watoto hapana, na mwandishi wa habari haruhusiwi kumtaja mtoto.

Mimi mwaka juzi nilimsindikiza mtoto wa kaka yangu, mlangoni karani akanisimamisha, wewe nani yake? Nikasema shangazi, ndo nikapita. Nilitegemea kizimba, nikakuta meza na viti, dogo kakaa pembeni ya baba ake, askari kaja na shati lake la drafti kama anaenda harusini, na kitu cha kwanza hakimu alichomuuliza mtoto ni kama amekunywa chai asubuhi. Yani mpaka kaka yangu akatulia. Alafu kuna afisa ustawi wa jamii, huyu mama angu usimkwepe kabisa, alishafika nyumbani akauliza mtoto analala wapi, na nani, shule anaenda au anazurura, akaongea na mwalimu wake, yote akayaandika kwenye ripoti ya hakimu. Kwa mkubwa wanauliza ulifanya au hukufanya. Kwa mtoto wanauliza hilo, na pia huyu ni nani na nini kimemfikisha hapa.

Kufungwa? Hapana. Kifungu cha 119 kinasema mtoto hahukumiwi kifungo. Akikutwa na hatia anaweza kuachiwa kwa masharti chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, au apelekwe shule ya maadilisho, ile ya Irambo kule Mbeya, na wewe mzazi unaweza kuamriwa ulipe faini au fidia, hilo ujiandae. Ni kesi za mauaji tu ndo haziishii Mahakama ya Watoto.

Kwa sasa hivi fanya hivi: nenda kituoni uulize wameandika "wizi" au "unyang'anyi". Kama ni kosa ambalo hata mtu mzima kifungo chake hakizidi miaka 7, na wizi wa kawaida umo humo, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana yako mzazi, labda awe na sababu maalum kama kumuepusha na kundi baya. Unyang'anyi ni habari nyingine. Na uulize amelala wapi, maana kuchanganywa na watu wazima selo hairuhusiwi, na akinyimwa dhamana mahakamani sehemu yake ni mahabusu ya watoto, sio gereza.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9 kavunja kioo cha gari la jirani na mpira. Jirani anasema atamfunga. Anaweza? (Baba wa Tanga)

JIBU: Hawezi kaka. Chini ya miaka 10 mtoto hana kosa la jinai kabisa, na kuanzia 10 mpaka kabla ya 12 lazima ithibitishwe kwamba alijua anachofanya ni kibaya. Ila kioo kimevunjika kweli, hapo jirani ana haki yake. Nenda kaongee nae mpatane bei, na mpira uuhamishie uwanjani.