Gari Likilia, Uliza Linalia Lini

Mvumo wa gari langu ulianza mwaka jana baada ya mvua za masika, nikitoka Mtwapa kuja mjini Mombasa. Pale Bamburi nikadhani ni lami. Nikafika Daraja la Nyali, lami ikabadilika lakini mvumo ukabaki vilevile: vuuuu, kama kinu cha kusaga unga kinachosikika mtaa wa pili. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikipunguza mwendo unashuka. Nikaongeza sauti ya redio, na wiki mbili zikapita hivyo.

Jirani akanihakikishia ni shoki, zile zinazotuliza mtikiso wa gari. Nikaenda gereji nikasema, "Nibadilishieni shoki za mbele." Wakabadilisha, na bushi za mpira juu yake, nikalipa shilingi 14,000. Kabla sijafika nyumbani nikausikia tena, vuuuu. Simlaumu fundi yule. Nilimpelekea dawa, ugonjwa sikumweleza.

Aliyenifungua masikio ni mzee mmoja fundi wa Kisauni, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Linalia lini?"

"Mbele, upande wa kushoto."

"Hapo umeniambia wapi. Mimi nimekuuliza lini."

Sikuwa na jibu. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo, tukatoka naye. Tulipopata barabara tupu, tambarare, mwendo ukiwa kama kilomita 60 kwa saa, akatoa gia gari likabaki linateleza lenyewe. Muungurumo wa injini ukashuka, mvumo ukabaki. "Injini tumeshaitoa," akasema. Kumbuka hakuizima injini. Ukiizima gari likiwa mwendoni usukani na breki huwa vizito, na usukani unaweza kujifunga kabisa, kwa hiyo usithubutu.

Kisha akaliyumbisha gari taratibu, kushoto, kulia. Likielekea kushoto mvumo unakua, likielekea kulia unafifia. "Gurudumu la kulia hilo," akasema, na mimi siku zote nilikuwa naapa ni la kushoto. Sauti hupita kwenye bodi na sakafu, inatokea mahali pengine kabisa. Lakini mzigo haudanganyi sana. Ukikata kushoto, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kulia, kama abiria wa matatu wanavyoegemeana kwenye kona, na beringi, ile duara ya chuma inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, ikichoka hupiga kelele inapobebeshwa.

Hata hivyo hakutosheka na hilo, kwa sababu mara nyingine ishara hii hupotosha. Tuliporudi alipiga jeki, akaweka stendi chini ya gari, akashika springi ya gurudumu la kulia kwa vidole viwili huku mkono mwingine ukizungusha tairi. Akaniita nishike na mimi. Nilihisi kitu kinasagika ndani ya ule msokoto wa chuma, chembe kwa chembe, kama mchanga kati ya meno. Tukahamia upande wa kushoto: springi imetulia, haina habari. Beringi moja ndiyo iliyonisumbua muda wote ule, na shoki zangu za zamani pengine zilikuwa nzima.

Tairi iliyolika vibaya nayo huvuma, na wengi huichanganya na beringi. Mvumo wa tairi hubadilika barabara ikibadilika, lami mpya na lami ya zamani hazitoi sauti moja. Wa beringi hufuata mwendo na kona, si aina ya lami. Ukibaki na shaka, hamisha tairi za mbele ziende nyuma kisha usikilize kama mvumo umezifuata.

Kwetu hapa pwani kuna milio inayoletwa na bahari. Gari likilala nje usiku wenye unyevu, asubuhi diski za breki huwa na utando wa kutu, na utasikia mkwaruzo mara chache za kwanza unapokanyaga. Ukiisha hapo, endelea na safari yako. Mlio mwembamba wa kiiii unaorudi kila siku mara nyingi ni pedi za breki zinazokwisha. Na ukisikia chuma kinakwangua chuma, gari hilo lisitoke tena mpaka lifunguliwe. Lile bati la kukinga joto la ekzosi nalo huliwa na kutu kwenye bolti zake, likatetemeka gari likiwa limesimama tu, kelele kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mlio wa kugonga kwenye matuta, gokgok, mara nyingi ni bushi au linki za stabilaiza, chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona, na hizo hukupa muda. Lakini bol jointi, kiungo kinachoshika gurudumu likikata kona, nayo hugonga hivyohivyo, na ikichomoka gurudumu hulala ubavu. Kwa hiyo mlio huo wa matuta usikae nao mwezi mzima kwa kudhani unaujua.

Mlio ninaouogopa kuliko yote ni ule wa gudugudu unaoanza baada ya kuziba pancha. Ulinikuta njia ya Miritini, malori mbele na nyuma, usukani ukaanza kucheza. Nikaegesha nje kabisa ya barabara. Nati tatu za gurudumu nilizizungusha kwa vidole. Tangu siku hiyo sitoki kwa mtu wa pancha kabla sijashika spana mwenyewe, na nikishatembea kilomita chache nasimama nazikaza tena.

Kwa sauti ndogo isiyosikika vizuri, napita polepole kando ya ukuta mrefu, kama zile kuta za maghala ya Shimanzi, dirisha la kushoto likiwa wazi na redio imezimwa. Ukuta hukurudishia sauti ambayo barabara wazi ingeimeza. Mtu akiwa nawe, akae kiti cha nyuma, kwa sababu anayeendesha hana masikio ya kutosha. Ninachokisikia nakiandika kwenye simu papo hapo: mwendo gani, injini moto au baridi, usukani umenyooka au umekatwa, nimekanyaga breki au sijakanyaga.

Mwezi uliopita gari lilianza tak-tak-tak. Nikaenda kwa mzee na maelezo yangu tayari: "Linalia nikikata kushoto mpaka mwisho, mwendo wa mtu kwa miguu, nikitia mafuta. Likienda moja kwa moja limenyamaza." Hakufungua boneti wala hakuomba ufunguo. Aliinama kwenye gurudumu la mbele la kulia, akaingiza mkono nyuma ya rimu, akautoa na kidole cheusi cha grisi. Mfuko wa mpira wa sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu hata likikatwa, ulikuwa umechanika, na grisi yote imetapakaa ndani ya rimu.