Karatasi za Montalcino

Mdogo wangu,

Mama kaniambia unataka kuuza kiwanja cha Kibaha umlipe wakala akulete Italia kuvuna zabibu. Eti msimu mmoja tu unapata karatasi! Nani kakudanganya? Nimekasirika mpaka sikulala.

Montalcino, huku Italia ninakofanya kazi, ni pazuri, picha umeziona. Mimi nakwambia habari ya karatasi.

Kibali cha kazi ya msimu hakiombwi na wewe. Anakiomba mwajiri, serikali inapotangaza nafasi, na nafasi zina idadi. Kama huna mwajiri, huyo wakala anakuuzia nini? Halafu msimu wenyewe ni mfupi. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Huku mara moja, Septemba na siku chache za Oktoba. Zikifuata zeituni tunatandaza nyavu chini ya miti, tunachana matawi huku vidole vimekufa ganzi, halafu kazi imeisha.

Mimi kibali changu si cha msimu, na bado nahangaika. Kuna bosi nilimfanyia kazi mwezi mzima, karatasi ya mshahara ikaja na siku zisizofika nusu. Zilizobaki alinilipa mkononi. Siku hizo ndizo maisha yetu: ili ulipwe pesa ya kukosa kazi za shamba, unatakiwa uwe na siku 102 zilizoandikwa ndani ya miaka miwili. Ukienda mji wa Siena kuongeza muda wa kibali, wanataka kuona kipato kilichoandikwa. Brunello, mvinyo wao wa hapa, hauuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na kila chupa ina utepe wa serikali wenye namba yake. Chupa imeandikwa, aliyekata zile zabibu hakuandikwa. Inaniuma sana.

Kwa hiyo usije. Baki, lima, oa.

Lakini ukimpata mwajiri wa kweli, njoo hata kesho, chumba changu ni chako. Anza Kiitaliano sasa hivi. Jifunze kupogoa, anayejua kupogoa hakosi kazi Januari wenzake wakiwa wamekaa. Ukifika, andika siku zako kwenye daftari kila jioni, na mtu akikwambia "tutaandikishana baadaye", ondoka shambani kwake siku hiyo hiyo.

Huo mkataba wa wakala nitumie leo, kurasa zote, nausoma mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.