Maswali ya Wasomaji: Kwa nini betri za gridi hazijazwi pomoni?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba vituo vya umeme wa jua vyenye betri kubwa mara nyingi huacha sehemu ya betri ikiwa tupu hata jua linapowaka vikali. Je, huko si kuupoteza umeme ambao ungetufaa usiku?

JIBU: Nafurahi umeuliza, kwa sababu wengi wetu huichukulia betri ya gridi kama pipa la maji ambalo hujazwa mchana na kumwagwa usiku. Kazi hiyo ipo, lakini iliyo ngumu zaidi hufanyika ndani ya sekunde chache.

Umeme unaoingia kwenye gridi lazima ulingane wakati wote na unaotumika. Ulinganifu huo hupimwa kwa masafa, yaani idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde, ambayo katika nchi nyingi ni 50. Matumizi yakizidi, masafa hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Na yakipotoka mno, mitambo hujizima yenyewe ili isiharibike, kisha giza huenea. Majenereta ya maji na ya mvuke yana vyuma vizito vinavyozunguka, na mzunguko huo huchelewesha anguko, ilhali paneli hazina kinachozunguka. Wingu moja nene likitanda juu ya uwanja wa paneli saa saba mchana, uzalishaji waweza kupungua kwa zaidi ya nusu ndani ya dakika chache, na likiondoka ukapanda kwa kasi ileile. Betri hutakiwa kutoa umeme wingu linapoingia na kuupokea linapotoka. Iliyojaa pomoni haina pa kuupokelea, na iliyokwisha haina cha kutoa.

Betri ya Hornsdale, Australia Kusini, ilianza kazi mwishoni mwa 2017, takriban mwaka mmoja baada ya jimbo hilo kukumbwa na giza Septemba 2016. Kati ya megawati zake 100 za awali, 70 zilitengwa kwa mkataba wa serikali kwa ajili ya kuituliza gridi, na ni 30 tu zilizobaki kwa biashara ya kununua na kuuza umeme. Kwa maoni yangu mgawanyo huo ulikuwa wa busara.

Hata hivyo hoja yako ina uzito. Utabiri ukionyesha anga jeupe, msimamizi makini huiacha betri ijae kufikia saa kumi jioni, kwa kuwa jua linakaribia kuzama na watu watawasha taa. Hapo umeme wa paneli ukizidi, inveta, yaani vifaa vinavyougeuza umeme wa paneli uwe wa kuingia kwenye gridi, huamriwa kuupunguza.