Maswali ya Wasomaji: Kanisa Juu ya Kanisa

SWALI: Nasikia chini ya Kanisa la San Clemente, Roma, kuna kanisa jingine. Lilizama? Na kwa nini la juu ni dogo kuliko la chini?

JIBU: Halikuzama, lilifukiwa kwa makusudi mnamo mwaka 1100 hivi. Lilikuwapo tangu karne ya 4. Wengi huwatupia lawama Wanormani, askari wa Robert Guiscard, mtawala wa kusini mwa Italia, waliouchoma mtaa huo mwaka 1084. Moto ulichangia, lakini jengo lilikuwa limeshachoka. Shuka uangalie nguzo za mbele: nafasi baina yake zimezibwa kwa ukuta ili kuzitegemeza, na picha maarufu za Mtakatifu Klementi, papa wa kale ambaye kanisa lina jina lake, zimechorwa juu ya viraka hivyohivyo. Tena ardhi ya nje ilikuwa imepanda kwa vifusi vya karne nyingi, kanisa likabaki shimoni.

Mafundi walibomoa sehemu ya juu, wakajaza kifusi mpaka usawa wa vichwa vya nguzo, kisha wakajenga upya. Safu ya nguzo za kushoto waliisimamisha juu ya safu ya zamani. Ya kulia hawakuiweka juu ya ile ya zamani. Waliijengea ukuta mpya wa msingi ndani ya ukumbi wa kale, ndiyo maana ukumbi wa juu ni mwembamba. Ukuta huo ndio unaowachanganya wageni: unaukata ukumbi wa chini kwa urefu, wakadhani kanisa la kale lilikuwa na vyumba vyembamba. Uondoe kichwani kwanza, ndipo utaona ukubwa wake.

Uzio wa marumaru wa waimbaji ulipandishwa kutoka chini; una alama ya jina la Papa Yohane II (533–535). Dari ya dhahabu isikudanganye, ni kazi ya Carlo Stefano Fontana, karne ya 18.

SWALI: Maji yanayosikika huko chini yanatoka wapi?

JIBU: Chini ya kanisa la kale kuna tabaka la tatu: majengo ya Kirumi ya karne ya 1, pamoja na hekalu la Mithra, mungu aliyeabudiwa na Warumi wa kale, lililoongezwa baadaye. Padri Joseph Mullooly, mtawa wa shirika la Wadominiko kutoka Ireland, alianza kuchimbua mwaka 1857. Tabaka hilo lilipofikiwa, likajaa maji ya ardhini. Pampu zisingetosha, kwa kuwa maji hayakomi. Mwaka 1912 hadi 1914 ukachimbwa mfereji wa chini kwa chini, karibu mita 700, kuyapeleka kwenye Cloaca Maxima, mfereji mkuu wa kale wa maji machafu.