Kwa aliyeishia Wano
Ndugu yangu, maadamu umesema uliiacha One Piece, ile manga (hadithi ya katuni ya Kijapani), pale mkasa wa Wano ulipokwisha, huna haja ya kurudi mwanzo kabisa, yaani mwaka 1997. Anzia sura ya 1058, na ukifika sehemu ya Egghead usiziruke sura zile zinazosimulia maisha ya nyuma ya Kuma na bintiye Bonney, kwani kwangu mimi ndizo roho ya sehemu hiyo yote. Programu ya MANGA Plus hutoa sura za karibuni bure na kihalali, na mpya huingia Jumapili saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu za Mombasa, isipokuwa wiki ambazo mchoraji amepumzika (naye hupumzika mara kwa mara). Makundi ya WhatsApp yanyamazishe kwanza, maana kurasa zilizovuja huzagaa humo kabla ya siku yenyewe.