Shilingi 80,000 kwa koti la mtumba?

Dada, umeuliza kwa nini rafiki yako alipe shilingi 80,000 za Uganda kwa koti la jinzi la zamani ilhali Owino, lile soko kubwa la Kampala, mivumba (mitumba) imejaa tele. Analipia macho ya aliyelichagua. Muuzaji wa namna hiyo hudamka alfajiri, belo (furushi kubwa la mitumba) likifunguliwa yupo, anapekua rundo zima na kutoka na nguo mbili tatu.

Lakini usinunue sifa. Geuza nguo, soma lebo ujue umri wake. Levi's yenye kijilebo chekundu cha mfukoni kilichoandikwa kwa herufi kubwa tupu, hata ile E, kwa kawaida ni ya kabla ya 1971, ingawa kampuni yenyewe hutoa pia matoleo mapya ya kuiga. "Made in West Germany" ni ya kabla ya 1990. Nusa na kwapa. Samahani, ila harufu ile ni ngumu kutoka kwa sabuni.

Mimi nilinaswa na wauzaji hawa zaidi ya nguo. Wanajua kipimo chako, wanakupigia: "Njoo, gauni lako limefika." Fundi cherehani wao anapunguza kiuno ukisubiri. Fuatana nao Owino Jumamosi moja kabla hujamcheka mwenzako.